Msimu wa Miami Dolphins wa mwaka 1972

Msimu wa Miami Dolphins wa mwaka 1972 ulikuwa msimu wa saba wa timu hiyo ya futiboli ya Marekani kutoka jiji la Miami, jimbo la Florida, na msimu wake wa tatu katika ligi ya NFL. Chini ya kocha Don Shula, Dolphins walishinda mechi zote 14 za msimu wa kawaida, mechi mbili za mtoano na fainali ya Super Bowl VII, iliyochezwa tarehe 14 Januari 1973. Jumla ni mechi 17 bila kufungwa wala kutoka sare. Hadi leo ndiyo timu pekee katika historia ya NFL iliyomaliza msimu wote, pamoja na fainali, bila kupoteza hata mechi moja. Kwa sababu hiyo msimu huu huitwa mara nyingi "msimu kamili".

Maelezo mafupi kuhusu mchezo

Futiboli ya Marekani huchezwa na wachezaji 11 kwa kila upande kwenye uwanja wenye urefu wa yadi 100, bila kuhesabu maeneo mawili ya goli yaliyo kwenye ncha zake. Yadi moja ni karibu mita 0.91. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kuusogeza mbele yadi 10. Ikifaulu hupewa nafasi nne nyingine, ikishindwa mpira huenda kwa wapinzani. Kwa kawaida timu ikiona haitafaulu huupiga mpira mbali kwa mguu katika nafasi ya nne, ili wapinzani waanzie nyuma.

Kuufikisha mpira katika eneo la goli la wapinzani huitwa tachidauni na huleta pointi 6, pamoja na pointi 1 ya nyongeza kama mpira utapigwa kati ya nguzo. Timu inaweza pia kupiga mpira kati ya nguzo bila kufunga tachidauni kwanza, na mkwaju huo huleta pointi 3. Anayeongoza mashambulizi na kutupa pasi huitwa kotabeki.

Mwaka 1972 kila timu ya NFL ilicheza mechi 14 katika msimu wa kawaida. Timu 26 ziligawanywa katika nusu mbili za ligi, yaani AFC na NFC. Bingwa wa AFC alikutana na bingwa wa NFC katika Super Bowl.

Usuli

Dolphins walianza kucheza mwaka 1966 katika ligi ya AFL, iliyoungana na NFL mwaka 1970. Miaka ya kwanza ilikuwa migumu. Mwaka 1969 walishinda mechi 3 tu, wakafungwa 10 na kutoka sare 1. Mmiliki wa timu, Joe Robbie, aliamua kumchukua Don Shula kutoka Baltimore Colts mwaka 1970. Kwa kuwa Shula alikuwa bado na mkataba na Colts, uongozi wa ligi uliwaamuru Dolphins kuwapa Colts nafasi yao ya kwanza ya kuchagua wachezaji wapya.

Shula aliwafanyisha wachezaji mazoezi mara nne kwa siku katika kambi yake ya kwanza. Msimu huo wa 1970 timu ilishinda mechi 10 kati ya 14. Msimu wa 1971 ilifika mbali zaidi. Tarehe 25 Desemba 1971 iliwatoa Kansas City Chiefs kwa 27–24 katika mechi iliyodumu dakika 82 na sekunde 40 za mchezo, ambayo ni ndefu kuliko zote katika historia ya NFL. Lakini katika Super Bowl VI, tarehe 16 Januari 1972, Dolphins walifungwa na Dallas Cowboys 24–3 bila kupata tachidauni hata moja.

Kwa Shula kipigo hicho kilikuwa cha pili cha aina yake. Mwezi Januari 1969 alikuwa kocha wa Colts waliofungwa na New York Jets 16–7 katika Super Bowl III, ingawa karibu kila mtu alitarajia Colts washinde. Hivyo alianza msimu wa 1972 akijulikana kama kocha hodari asiyeweza kushinda fainali. Kambi ilipofunguliwa aliwaonyesha wachezaji filamu ya mechi waliyofungwa na Cowboys.

Kikosi

Kotabeki wa kwanza alikuwa Bob Griese. Mapema mwaka 1972 timu ilimwongeza Earl Morrall, aliyetimiza umri wa miaka 38 mwaka huo na ameachwa na Colts. Ada ya kumchukua ilikuwa dola 100 tu. Morrall alimfahamu Shula vizuri, kwa kuwa ndiye aliyekuwa kotabeki wa Colts katika Super Bowl III na pasi zake tatu zilinaswa na Jets siku hiyo.

Mashambulizi ya Dolphins yalitegemea zaidi kukimbia na mpira kuliko kutupa pasi. Wakimbiaji wakuu walikuwa watatu: Larry Csonka, mtu mwenye mwili mkubwa aliyepita katikati ya walinzi kwa nguvu, Mercury Morris, aliyekuwa na mbio nyingi na kuzunguka pembeni, na Jim Kiick, aliyetumiwa sana karibu na mstari wa goli. Mpokeaji pasi mkuu alikuwa Paul Warfield, aliyetoka Cleveland Browns mwaka 1970. Browns walimtoa ili wapate nafasi ya kumchagua kotabeki kijana, Mike Phipps.

Safu ya mbele iliyowafungulia njia wakimbiaji ilikuwa na wachezaji kadhaa ambao timu nyingine hazikuwataka. Larry Little na Jim Langer hawakuchaguliwa na timu yoyote walipomaliza chuo kikuu. Wote wawili baadaye waliingizwa katika Jumba la Umaarufu la futiboli ya Marekani.

Safu ya ulinzi ilifundishwa na Bill Arnsparger na kuongozwa uwanjani na Nick Buoniconti. Wengine walikuwa Manny Fernandez, Bill Stanfill, Vern Den Herder, Doug Swift, Mike Kolen, Dick Anderson na Jake Scott. Kabla ya Super Bowl VI, kocha wa Cowboys Tom Landry alikiri kuwa hakuweza kukumbuka majina yao. Tangu hapo safu hiyo ikaitwa "ulinzi usio na majina", na wachezaji wenyewe wakalipenda jina hilo.

Mpigaji wa mikwaju alikuwa Garo Yepremian, mzaliwa wa Kupro mwenye asili ya Armenia.

Msimu wa kawaida

Mechi ya kwanza ilichezwa tarehe 17 Septemba 1972 katika uwanja mpya wa Arrowhead, Kansas City, dhidi ya Chiefs walewale wa mechi ndefu ya Krismasi. Dolphins walishinda 20–10.

Mechi ya tatu, dhidi ya Minnesota Vikings, ilikaribia kuwa kipigo. Katika robo ya nne Dolphins walikuwa nyuma 14–6. Yepremian akafunga mkwaju wa yadi 51, kisha dakika za mwisho Griese akampasia Jim Mandich tachidauni iliyoleta ushindi wa 16–14.

Tarehe 15 Oktoba, katika mechi ya tano dhidi ya San Diego Chargers, Griese aligongwa na walinzi wawili alipokuwa akitupa pasi. Mguu wake wa kulia ulivunjika na kifundo kikateguka. Morrall aliingia na timu ikashinda 24–10. Watu wengi walidhani msimu wa Dolphins umeishia pale. Badala yake Morrall alianza mechi zote tisa zilizobaki za msimu wa kawaida na kuzishinda zote.

Ya kwanza kati ya hizo ndiyo iliyokuwa na tofauti ndogo zaidi. Dolphins waliwafunga Buffalo Bills 24–23, wakisaidiwa na mkwaju wa yadi 54 wa Yepremian na Manny Fernandez aliyepenya na kuunyakua mpira kotabeki wa Bills alipokuwa akimkabidhi mkimbiaji wake. Tarehe 12 Novemba waliwafunga New England Patriots 52–0, na Shula akapata ushindi wake wa 100 wa msimu wa kawaida akiwa katika mwaka wake wa kumi tu kama kocha mkuu. Wiki iliyofuata Morrall, ambaye hakuwa mtu wa mbio, alikimbia yadi 31 na kufunga tachidauni katika ushindi wa 28–24 dhidi ya Jets. Ushindi huo uliwahakikishia Dolphins ubingwa wa kundi la AFC Mashariki huku mechi nne zikiwa zimebaki.

Msimu ulimalizika tarehe 16 Desemba kwa ushindi wa 16–0 dhidi ya Colts. Griese alirudi uwanjani kwa muda mfupi katika mechi hiyo. Dolphins wakawa timu ya kwanza ya NFL kushinda mechi 14 za msimu wa kawaida bila kupoteza.

Wakazi wa Miami wasiokuwa na tiketi hawakuweza kuona mechi za nyumbani kwenye televisheni za jiji lao. Kanuni ya ligi wakati huo ilizuia mechi kuonyeshwa katika eneo la timu mwenyeji, hata kama tiketi zote zimeuzwa. Bunge la Marekani lilibadilisha hali hiyo kwa sheria ya mwaka 1973.

Matokeo ya msimu wa kawaida

1. 17 Septemba, ugenini, Kansas City Chiefs: 20–10
2. 24 Septemba, nyumbani, Houston Oilers: 34–13
3. 1 Oktoba, ugenini, Minnesota Vikings: 16–14
4. 8 Oktoba, ugenini, New York Jets: 27–17
5. 15 Oktoba, nyumbani, San Diego Chargers: 24–10
6. 22 Oktoba, nyumbani, Buffalo Bills: 24–23
7. 29 Oktoba, ugenini, Baltimore Colts: 23–0
8. 5 Novemba, ugenini, Buffalo Bills: 30–16
9. 12 Novemba, nyumbani, New England Patriots: 52–0
10. 19 Novemba, nyumbani, New York Jets: 28–24
11. 27 Novemba, nyumbani, St. Louis Cardinals: 31–10
12. 3 Desemba, ugenini, New England Patriots: 37–21
13. 10 Desemba, ugenini, New York Giants: 23–13
14. 16 Desemba, nyumbani, Baltimore Colts: 16–0

Mechi za nyumbani zilichezwa katika uwanja wa Orange Bowl. Kwa jumla Dolphins walifunga pointi 385 na kufungwa 171. Waliongoza ligi kwa kufunga pointi nyingi zaidi na pia kwa kufungwa chache zaidi. Katika kundi lao Jets walimaliza wa pili kwa kushinda mechi 7 na kupoteza 7.

Mechi za mtoano

Dhidi ya Cleveland Browns

Tarehe 24 Desemba 1972 Dolphins waliwakaribisha Cleveland Browns katika Orange Bowl. Tachidauni ya kwanza ilifungwa na Charlie Babb, aliyeuzuia mkwaju wa Browns, akauokota mpira na kukimbia nao hadi golini. Hata hivyo Browns walipata uongozi wa 14–13 katika robo ya nne. Dolphins wakaanza shambulizi la yadi 80 ambalo Warfield alidaka pasi mbili muhimu dhidi ya timu yake ya zamani. Kiick akalimaliza kwa kukimbia yadi 8, na mechi ikaisha 20–14. Mike Phipps, ambaye kwa ajili yake Browns walimtoa Warfield, alinaswa pasi tano siku hiyo.

Dhidi ya Pittsburgh Steelers

Fainali ya AFC ilichezwa tarehe 31 Desemba mjini Pittsburgh. Dolphins walilazimika kusafiri ingawa hawakuwa wamepoteza mechi, kwa sababu zamani hizo mwenyeji alipangwa kwa zamu ya makundi na si kwa matokeo ya msimu.

Steelers walitangulia kufunga. Katika robo ya pili Larry Seiple, aliyetakiwa kuupiga mpira mbali, aliona walinzi wamempa mgongo ili kujiandaa kuupokea. Akakimbia nao yadi 37. Muda mfupi baadaye Morrall alimpasia Csonka tachidauni, na nusu ya kwanza ikaisha 7–7.

Katika robo ya tatu, Steelers wakiwa mbele 10–7, Shula alimtoa Morrall na kumwingiza Griese, ambaye hakuwa ameanza mechi yoyote tangu Oktoba. Griese alimpasia Warfield mpira uliosogea yadi 52. Kiick alifunga tachidauni mbili na Dolphins wakashinda 21–17. Pasi mbili za mwisho za Steelers zilinaswa na Buoniconti na Kolen. Kwa fainali kubwa Shula alimchagua Griese. Morrall, aliyeibeba timu kwa miezi miwili, alikubali kurudi kwenye benchi bila kuleta mgogoro.

Super Bowl VII

Super Bowl VII ilichezwa tarehe 14 Januari 1973 katika uwanja wa Los Angeles Memorial Coliseum mbele ya watazamaji 90,182. Wapinzani walikuwa Washington Redskins wa kocha George Allen. Ingawa Dolphins walikuwa na ushindi 16 mfululizo, wabashiri wengi waliwapa Washington nafasi kubwa kidogo. Sababu mojawapo ilikuwa ratiba nyepesi: kati ya wapinzani wa Dolphins katika msimu wa kawaida, ni Chiefs na Giants tu waliomaliza wakiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo.

Dolphins walifunga katika robo ya kwanza kwa pasi ya yadi 28 kutoka kwa Griese kwenda kwa Howard Twilley. Katika robo ya pili tachidauni nyingine ya Warfield ilifutwa kwa kosa la mchezaji mwenzake. Baadaye Buoniconti alinasa pasi ya kotabeki Billy Kilmer na kukimbia nayo yadi 32, jambo lililomwezesha Kiick kufunga kutoka yadi 1. Nusu ya kwanza ikaisha 14–0.

Katika nusu ya pili Csonka aliendelea kuichosha safu ya Washington na kumaliza na yadi 112. Washington walipokaribia kufunga katika robo ya nne, Jake Scott aliinasa pasi ndani ya eneo la goli na kuirudisha yadi 55.

Zikiwa zimebaki dakika chache, Shula alimtuma Yepremian kupiga mkwaju wa yadi 42 ambao ungefanya matokeo kuwa 17–0, sawa na hesabu ya mechi za msimu. Mkwaju ulizuiwa. Yepremian aliuokota mpira na, badala ya kuulalia, akajaribu kuutupa kama pasi. Ukamponyoka mkononi, akaupiga tena hewani, na Mike Bass wa Washington akaudaka na kukimbia yadi 49 hadi golini. Dakika 2 na sekunde 7 zikiwa zimebaki, matokeo yakawa 14–7.

Washington walipata mpira kwa mara ya mwisho lakini hawakufika popote. Katika nafasi ya nne Kilmer aliangushwa na Den Herder na Stanfill, na mchezo ukaisha. Scott, aliyenasa pasi mbili, alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa mechi. Shula alibebwa mabegani na wachezaji wake.

Takwimu na tuzo

Dolphins walikimbia na mpira yadi 2,960 katika msimu wa kawaida, ambayo ilikuwa rekodi ya NFL wakati huo. Csonka alipata yadi 1,117. Morris alihesabiwa kwanza yadi 991, lakini ligi iliangalia upya filamu ya mchezo mmoja na kumrudishia yadi 9 alizokatwa kimakosa. Akafikisha yadi 1,000 kamili, na Dolphins wakawa timu ya kwanza kuwa na wakimbiaji wawili waliofikia kiwango hicho katika msimu mmoja.

Morrall alipewa tuzo ya mchezaji aliyerejea vizuri zaidi, na Shula alichaguliwa kuwa kocha bora wa mwaka. Waliohusika na kikosi hicho na baadaye wakaingizwa katika Jumba la Umaarufu ni pamoja na Shula, Griese, Csonka, Warfield, Little, Langer na Buoniconti.

Baada ya msimu

Mfululizo wa ushindi ulifika mechi 18, ukakatizwa katika mechi ya pili ya msimu wa 1973 Dolphins walipofungwa na Oakland Raiders 12–7. Hata hivyo walitwaa tena ubingwa mwaka huo kwa kuwafunga Vikings 24–7 katika Super Bowl VIII. Csonka, Kiick na Warfield waliondoka baada ya msimu wa 1974 kujiunga na ligi shindani ya WFL.

Timu nyingine zimekaribia kufanya kama Dolphins. Chicago Bears walimaliza msimu wa kawaida bila kupoteza mechi mwaka 1934 na tena mwaka 1942, lakini walifungwa katika fainali mara zote mbili. Mwaka 1985 Bears walikuwa wameshinda mechi 12 mfululizo walipofika Miami tarehe 2 Desemba. Dolphins, bado chini ya Shula, waliwafunga 38–24 huku baadhi ya wachezaji wa 1972 wakishangilia pembeni mwa uwanja. Mwaka 2007 New England Patriots walishinda mechi zote 16 za msimu wa kawaida na mbili za mtoano, kisha wakafungwa na New York Giants 17–14 katika Super Bowl XLII.

Mwaka 1973 timu bingwa zilikuwa bado hazijazoea kualikwa Ikulu ya Marekani. Wachezaji wa 1972 walipokelewa huko na Rais Barack Obama tarehe 20 Agosti 2013, miaka arobaini baadaye.

Afya ya wachezaji

Katika uzee wao wachezaji kadhaa wa kikosi hiki walipatwa na maradhi ya ubongo. Uchunguzi uliofanywa baada ya vifo vyao ulionyesha kuwa Earl Morrall (aliyefariki 2014), Nick Buoniconti (2019) na Jim Kiick (2020) walikuwa na CTE, ugonjwa unaoharibu ubongo polepole na unaohusishwa na kugongwa kichwa mara nyingi. Ugonjwa huo unaweza kuthibitishwa tu baada ya kifo. Buoniconti alitangaza akiwa hai, mwaka 2017, kwamba ubongo wake utolewe kwa ajili ya utafiti. Kwa hiyo kikosi kinachokumbukwa kwa kutoshindwa kimekuwa pia sehemu ya mjadala wa Marekani kuhusu gharama ambayo mchezo huu huwatoza wanaoucheza.

Don Shula alifariki tarehe 4 Mei 2020 akiwa na umri wa miaka 90. Alistaafu ukocha akiwa na ushindi 347, idadi kubwa kuliko ya kocha mwingine yeyote wa NFL hadi wakati wa kifo chake.